MAFUTA YALIYOMO NDANI YA MAWE, NA HESABU ZAKE

Kila mara bei ya mafuta inapopanda duniani, na nauli ya kusombea mazao kutoka vituo vya ununuzi hadi ghala kuu ikapanda pamoja nayo, huzuka upya habari moja ya zamani: kwamba ziko nchi zenye milima mizima ya mawe yenye mafuta, na kwamba mafuta hayo ni mengi kuliko yote yaliyokwisha kutolewa visimani tangu kisima cha kwanza kuchimbwa. Habari hiyo husomwa magazetini, husikika redioni, na wakati mwingine hufika hata kwenye mikutano ya wanachama, ambako mtu husimama akauliza: ikiwa mafuta yapo tele namna hiyo, mbona dizeli ya lori la chama haishuki bei?

Swali hilo ni la haki. Jawabu lake limo katika majaribio ya zaidi ya miaka 170, yaliyofanywa na watu hodari wenye elimu na fedha, na mara nyingi kwa msaada wa serikali zao. Yafaa lielezwe kwa utaratibu, kwa kuwa sehemu kubwa ya jawabu hilo si ya kemia bali ni ya hesabu, na hesabu ni jambo ambalo katibu wa chama analijua.

Mali ya vitabuni

Mawe yenyewe si uzushi. Magharibi ya Marekani, pale yanapopakana majimbo ya Colorado, Utah na Wyoming, liko tabaka kubwa la mwamba liitwalo Green River. Yapata miaka milioni 50 iliyopita mahali hapo palikuwa na maziwa mapana. Mwani na viumbe wengine wadogo walioishi majini walikufa, wakazama, wakafunikwa na tope laini, tabaka juu ya tabaka, mpaka tope lile likageuka mwamba. Idara ya Jiolojia ya Marekani imekisia kwamba mwamba huo unabeba kiasi cha mapipa zaidi ya trilioni 4 ya mafuta. Mafuta yote ambayo binadamu amekwisha kuyatoa visimani mpaka leo hayafiki nusu ya kiasi hicho.

Lakini idara hiyo hiyo, ilipotoa makisio yake, iliongeza neno ambalo waandishi wengi wa magazeti huliruka: kwamba hayo ni makisio ya kile kilichomo ndani ya mwamba, wala si ya kile kinachoweza kutolewa kwa faida. Tofauti hiyo si ndogo. Mkaguzi akikuta katika vitabu vya chama deni kubwa analodaiwa mtu aliyehama zamani na asiyejulikana alipo, hawezi kulihesabu deni hilo kuwa fedha taslimu, hata kama stakabadhi zake zote zipo na zimepigwa mhuri. Deni lipo, fedha hazipo. Trilioni 4 za Colorado na jirani zake ni mali ya namna hiyo.

Jambo la pili la kusahihishwa ni jina. Watu husema mawe ya mafuta, lakini ndani ya mawe hayo hamna mafuta. Ukilivunja jiwe hilo hakuna kinachotiririka. Kilichomo ni kitu kigumu kiitwacho kerojeni, ambacho ni mabaki ya wale viumbe wa ziwani yaliyogandamana na chembe za mwamba. Kama mwamba ungalizama chini zaidi, kwenye joto la ndani ya ardhi, na kukaa huko kwa mamilioni ya miaka, kerojeni ingalipikika yenyewe ikawa mafuta ya kawaida. Haikupikika. Kwa hiyo anayeyataka mafuta hayo hana budi kuimaliza yeye mwenyewe kazi ambayo maumbile yaliiacha njiani, na kuni za kupikia anazitoa yeye.

Tanuri la mkaa lililogeuzwa

Jinsi ya kupika inafahamika kwa yeyote aliyepata kuona tanuri la mkaa. Mchoma mkaa hupanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo ili hewa isiingie kwa wingi, akayatia moto. Kwa kuwa hewa ni chache, kuni haziungui zikaisha. Hutoa moshi mzito wenye majimaji ya utomvu, na mwisho hubaki mkaa. Mchoma mkaa huuacha moshi uende zake, akauweka mkaa. Mpika mawe hufanya kinyume chake: huukamata moshi, na mabaki huyatupa.

Mwamba huchimbwa, husagwa vipande vidogo, hutiwa katika tanuri la chuma lisiloingiza hewa, na kupashwa joto la nyuzi zipatazo 500 za sentigredi. Kerojeni huvunjika ikawa mvuke. Mvuke hupozwa ukawa mafuta mazito, na sehemu nyingine hubaki kuwa gesi. Mafuta hayo bado hayafai kwa injini. Huwa na naitrojeni nyingi na mara nyingi nta, hivyo lazima yatiwe hidrojeni kwanza ndipo kiwanda cha kawaida cha kusafishia mafuta kiweze kuyapokea. Hidrojeni nayo hainunuliwi kwa bei ya maji.

Sasa yaangaliwe mapato ya jiwe. Tani moja ya mwamba wa Colorado unaohesabiwa kuwa mzuri hutoa lita kama 100 za mafuta. Pipa moja lina lita 159. Maana yake ni kwamba pipa moja la mafuta hudai tani moja na nusu ya jiwe, na kilo ya jiwe hilo ina nishati pungufu kuliko kilo ya kuni kavu. Kiwanda cha kutoa mapipa 50,000 kwa siku, ambacho katika biashara ya mafuta si kiwanda kikubwa, kingehitaji kuchimba, kusaga na kupika zaidi ya tani 70,000 kila siku ya Mungu. Kwa malori ya tani saba saba hayo ni malori 10,000 kwa siku. Na baada ya kupikwa, jiwe haliishi: hubaki karibu lote, na kwa kuwa limesagwa huchukua nafasi kubwa kuliko ile ya shimo lilikotoka. Mahali pa kulitupa lazima patafutwe.

Uskoti na mbolea ya SA

Wa kwanza kuifanya kazi hii kuwa biashara kubwa walikuwa Waskoti. James Young alipata hataza yake mwaka 1850, na mwaka uliofuata kiwanda chake kilikuwa kinafanya kazi Bathgate, magharibi ya Edinburgh. Mwanzoni alitumia makaa ya namna ya pekee yenye mafuta mengi. Yalipopungua, wenye viwanda wakahamia kwenye mwamba wa kawaida wa eneo hilo. Walichokitafuta ni mafuta ya taa na nta ya mishumaa, maana wakati huo magari hayakuwako.

Mafuta ya visima vya Marekani yalipoanza kuingia Uingereza kwa bei ya chini, viwanda vingi vya Uskoti vilikufa. Vilivyobaki viliokolewa na kitu ambacho wakulima wa siku nyingi wanakifahamu vizuri. Ile naitrojeni iliyoharibu mafuta iligunduliwa kuwa yaweza kutolewa kama amonia, na amonia ikichanganywa na asidi ya salfa huwa salfeti ya amonia, yaani mbolea ya SA. Matanuri yakatengenezwa upya kwa makusudi ya kuipata amonia kwa wingi, na kwa miaka mingi mbolea ndiyo iliyofunika hasara ya mafuta. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Uskoti ilikuwa ikichimba zaidi ya tani milioni 3 za mwamba kwa mwaka. Baadaye, mbolea ya bei nafuu ilipoanza kutengenezwa kwa naitrojeni ya hewani, nguzo hiyo nayo ikaanguka. Iliyobaki ilikuwa nafuu ya ushuru ambayo serikali iliwapa. Nafuu hiyo ilipoondolewa mwaka 1962, viwanda vikafungwa. Vilima vyekundu vya mawe yaliyopikwa vingali vinaonekana katika wilaya ya West Lothian, na baadhi yake leo huhifadhiwa na sheria kama kumbukumbu.

Mwaka huo huo wa 1962 ndio uliofungwa pia mradi wa Afrika ya Kusini huko Ermelo, katika jimbo ambalo siku hizi ni Mpumalanga, ambako tangu mwaka 1935 kampuni iitwayo Satmar ilikuwa ikipika mwamba wa namna hiyo. Mwamba wa mafuta umeandikwa pia katika eneo la Kisangani nchini Kongo tangu zama za Wabelgiji. Afrika, basi, si mgeni kabisa katika jambo hili.

Nchi iliyoishi kwa jiwe

Iko nchi moja tu ambayo iliweka uchumi wake juu ya mawe haya kwa muda wote wa karne, nayo ni Estonia, nchi ndogo iliyo kaskazini ya Ulaya. Huko jiwe huitwa põlevkivi, yaani jiwe linalowaka, na jina hilo ni la kweli: mwamba wa Estonia una kerojeni nyingi kuliko mwingi wa mahali pengine, hata ukitiwa moto unawaka wenyewe. Uchimbaji ulianza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Chini ya utawala wa Sovieti gesi iliyopikwa kutokana na mawe ya Kohtla-Järve ilipelekwa kwa bomba mpaka Leningrad, kuanzia mwaka 1948. Mwaka 1980 Estonia ilichimba karibu tani milioni 31.

Hata hivyo yafaa ieleweke kwamba mengi ya mawe hayo hayakugeuzwa mafuta. Yalisagwa na kuunguzwa moja kwa moja katika vituo vya umeme karibu na mji wa Narva, kama vile makaa yanavyounguzwa. Kwa miaka mingi zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za umeme wa Estonia zilitokana na jiwe hilo. Wataalamu wake ndio wenye ujuzi mrefu kuliko wote duniani. Tangu mwaka 1984 wana hata jarida la kitaalamu la habari za mwamba wa mafuta peke yake. Walichokipata ni kujitegemea kwa umeme, jambo ambalo nchi ndogo jirani ya nchi kubwa haiwezi kulidharau. Walichokilipia ni vilima vya majivu, maji ya ardhini yaliyochafuka, na hewa nzito. Umoja wa Ulaya ulipoanza kuwatoza wenye viwanda ada kwa ajili ya hewa ya ukaa, na ada hiyo ikapanda, umeme wa mawe ukawa ghali, na mwaka 2019 ukapungua ghafula. Mwaka 2021 serikali yao ilitangaza lengo la kuacha kabisa umeme wa mawe ifikapo mwaka 2035.

Jumapili ya tarehe 2 Mei 1982

Lakini anayetaka kuelewa kwa nini jiwe halijashusha bei ya dizeli hana budi kurudi Colorado.

Serikali ya Marekani iliyatenga mawe hayo kwa ajili ya meli zake za vita tangu zamani za Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya mwaka 1944 idara yake ya migodi ilijenga kiwanda cha majaribio mahali paitwapo Anvil Points, karibu na mji mdogo wa Rifle. Kiwanda hicho kilithibitisha kwamba kazi inawezekana. Hakikuthibitisha kwamba inalipa.

Mwishoni mwa mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiende Marekani, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda kutoka kiasi cha dola 3 hadi karibu dola 12. Wengi waliamini kwamba saa ya mawe imefika. Mradi mkubwa kuliko yote uliitwa Colony. Njia yake ilikuwa ya kupendeza kwa kuitazama: vipira vidogo vya kauri vilipashwa moto mkali, vikachanganywa na mwamba uliosagwa ndani ya pipa kubwa linalozunguka, vikaupa mwamba joto lake, kisha vikachekechwa na kurudishwa motoni. Hata hivyo mwaka 1974, wakati bei ya mafuta ilikuwa imekwisha kuzidi mara tatu, wenye Colony wakaisimamisha kazi. Gharama za ujenzi zilikuwa zimepanda kwa haraka kuliko bei ya mafuta yaliyotarajiwa kuuzwa.

Mwaka 1979 bei ikapanda tena. Mwaka 1980 Bunge la Marekani likaunda shirika maalumu la kusaidia mafuta ya kutengenezwa, likaliahidi mabilioni ya dola. Mwaka huo huo kampuni ya Exxon, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, ikanunua sehemu kubwa ya Colony, na ikatoa kitabu kilichosema kwamba ifikapo mwaka 2010 Marekani ingaweza kupata mapipa milioni 8 kwa siku kutokana na mawe. Maji ya kazi hiyo, kitabu kilisema, yangeweza kuletwa kutoka jimbo la mbali la South Dakota.

Watu wa bonde la mto Colorado wakaingia katika pilikapilika. Katika uwanda wa Battlement Mesa, ng'ambo ya mto kutoka kijiji cha Parachute, mji mzima ulianza kujengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Barabara zikapanuliwa, shule zikaongezwa. Wenye maduka, mafundi na wenye nyumba za kupangisha walikopa benki, kwa kuwa benki nazo zilikuwa na imani. Makisio ya gharama ya Colony yaliendelea kupanda mpaka yakapita dola bilioni 5, huku bei ya mafuta duniani ikiwa imeanza kushuka. Jumapili ya tarehe 2 Mei 1982 Exxon ilitangaza kwamba imeacha. Zaidi ya watu 2,000 walipoteza kazi siku hiyo, na huko Colorado siku yenyewe huitwa mpaka leo Jumapili Nyeusi.

Hapa pana jambo ambalo halipasi kupitwa haraka. Mshirika wa Exxon katika Colony alikuwa kampuni ndogo zaidi, Tosco. Tosco ilikuwa na dhamana ya serikali kwa mkopo wa zaidi ya dola bilioni 1, na zaidi ya hayo mkataba wake na Exxon ulikuwa na kifungu kilichoiruhusu kuidai Exxon iinunue sehemu yake iwapo mambo yangeharibika. Ikakitumia kifungu hicho, ikatoka na fedha zake. Mwenye duka wa Rifle hakuwa na kifungu. Fundi aliyekopa kununua gari la kazi hakuwa na kifungu. Hao ndio walionyang'anywa nyumba na maduka katika miaka iliyofuata, na familia nyingi zilihama. Nyumba za Battlement Mesa ziliuzwa baadaye kwa wazee waliostaafu waliokuja kutafuta hewa safi na utulivu. Si kwamba Exxon ilimdanganya mtu. Ilikisia vibaya, na iliweza kuimudu hasara yake. Wengine walikisia kwa kufuata makisio yake, nao hawakuweza.

Kampuni nyingine, Unocal, iliendelea peke yake jirani ya hapo. Serikali iliihakikishia bei iliyopita dola 40 kwa pipa, bei ya soko iwe iwayo. Kiwanda chake kilikusudiwa kutoa mapipa 10,000 kwa siku. Kilisumbuliwa kwa muda mrefu na jambo ambalo hakuna aliyelidhania kuwa kubwa, yaani namna ya kuyapoza na kuyaondoa mawe yaliyokwisha kupikwa. Kilipoanza kutoa mafuta ya kuuza mwaka 1986, bei ya soko ilikuwa imeporomoka chini ya dola 15, na lile shirika la serikali la mafuta ya kutengenezwa lilikuwa linavunjwa. Kilifungwa mwaka 1991, baada ya kutoa mapipa yapatayo milioni 4 na nusu kwa muda wote.

Kuupika mwamba pale pale ulipo

Baada ya hasara hiyo wataalamu walijiuliza: kwa nini mwamba uchimbwe, usombwe, usagwe, kisha utupwe? Kwa nini usipikwe huko huko chini, mafuta yenyewe yakavutwa kwa kisima? Wazo hilo lilikwisha kujaribiwa kidogo katika miaka ya 1970, kwa kuupasua mwamba kwa baruti na kuutia moto chini kwa chini. Kulikuwa hata na pendekezo la kuupasua kwa bomu la nyuklia. Pendekezo hilo kwa bahati njema halikutekelezwa kwa mwamba wa mafuta, ingawa mwaka 1969 bomu la namna hiyo lililipuliwa chini ya ardhi karibu na Parachute kwa kutafuta gesi, na gesi iliyopatikana haikuweza kuuzwa kwa sababu ya mionzi yake.

Jaribio lililofanywa kwa uangalifu kuliko yote lilikuwa la kampuni ya Shell. Walitoboa mashimo, wakateremsha vipasha joto vya umeme, wakaupasha mwamba polepole mpaka nyuzi 350 hivi. Kwa joto la chini namna hiyo kazi ya dakika hugeuka kazi ya miaka, mitatu au minne. Lakini subira ina faida yake: mafuta yanayopatikana huwa mepesi na bora kuliko yale ya tanuri. Ili maji ya ardhini yasiingie na mafuta yasitoke, walijaribu kuzungusha ukuta wa barafu: mabomba ya kimiminika baridi sana yaliteremshwa pande zote mpaka maji yaliyomo kwenye mwamba yakaganda. Kwa ufupi, walikuwa wakiupika mwamba katikati na kuugandisha pembeni. Mwaka 2005 Shell ilieleza kwamba kutoka kipande kidogo cha ardhi, kiasi cha meta 9 kwa 12, imepata mapipa kama 1,700 ya mafuta mazuri.

Kitaalamu jaribio lilifaulu, na sifa hiyo wanastahili. Lakini umeme je? Taasisi ya RAND ilikisia mwaka huo huo kwamba kutoa mapipa 100,000 kwa siku kwa njia hiyo kungedai kituo cha umeme cha megawati 1,200. Kiasi hicho kinazidi nusu ya uwezo wote wa bwawa la Julius Nyerere la mto Rufiji, ambao ni megawati 2,115. Mwaka 2012 kampuni ya Chevron iliurudisha mkataba wake wa utafiti huko Colorado, na mwaka 2013 Shell nayo ikaondoka.

Bei inayokimbia

Sasa msomaji aweza kuona tabia ya ajabu ya biashara hii. Katika kila kipindi wataalamu wamesema kwamba mafuta ya mawe yatalipa pindi bei ya soko itakapopanda kidogo tu. Bei ikapanda, na kiwango cha kulipa kikapanda nacho. Sababu yake si ulaghai. Kupika mwamba kunahitaji chuma, saruji, mashine za kuchimbia, malori, umeme na wafanyakazi wengi, na vyote hivyo hupanda bei mafuta yanapopanda, kwa kuwa vyote hutumia mafuta. Ni kama mkulima anayesubiri bei ya pamba ipande ili anunue mbolea, akakuta siku pamba ilipopanda mbolea na magunia navyo vimepanda. Mwenye kisima cha kawaida haathiriki sana, maana kisima chake kilikwisha kuchimbwa. Mpika mawe hununua vyote upya, na mtambo wake huchukua miaka mingi kujengwa. Bei iliyomtia moyo siku ya kwanza haimsubiri siku ya kufungua.

Kuna pia maji. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikusanya makisio mwaka 2010, ikaona kwamba kuchimba na kupika kwa tanuri hudai mapipa 2 hadi 4 ya maji kwa kila pipa la mafuta, na kwamba njia ya kupikia chini ya ardhi huweza kudai zaidi. Mto Colorado hunywesha watu wapatao milioni 40, mbali na mashamba, na tangu zamani maji yake yamegawanywa kwa mikataba mpaka tone la mwisho. Kampuni za mafuta zilitambua hilo mapema, zikanunua mashamba na haki zake za maji, nyingi zikawakodisha wakulima wale wale walioziuza. Mkulima akaendelea kumwagilia majani ya ng'ombe wake kama kawaida, ila maji yalikwisha kuwa si yake, na siku mwenyewe angeyahitaji ingembidi ayaache.

Iko tena habari moja inayowachanganya hata watu wa elimu. Tangu kama mwaka 2010 Marekani imeongeza mno mafuta yake, ikafika zaidi ya mapipa milioni 13 kwa siku mwaka 2024, na husemwa kwamba ni mafuta ya mwamba. Ni kweli, lakini si mwamba huu. Hayo ni mafuta kamili, yaliyokwisha kupikwa na maumbile, yaliyobanwa ndani ya mwamba mgumu chini sana. Hutolewa kwa kuupasua mwamba kwa maji na mchanga kwa shinikizo kubwa. Hayahitaji tanuri. Tena mafanikio ya njia hiyo ndiyo yaliyoyavunja moyo majaribio ya kerojeni, kwa kuwa kampuni ile ile yenye fedha za kutumia ilipata mahali pa karibu zaidi pa kuzitumia.

Kazi ya kerojeni haijafa. China inaendelea kupika mawe, kazi iliyoanza huko Fushun karibu miaka mia moja iliyopita. Brazili ina mtambo wake wa São Mateus do Sul, ulioanzishwa na shirika la taifa la mafuta, Petrobras, katika miaka ya 1970, na kuuzwa kwa kampuni binafsi mwaka 2022. Na Jordan, nchi isiyo na visima vya maana lakini yenye mawe mengi, imechukua njia ya Estonia ya kuyaunguza kwa umeme. Kituo cha Attarat, chenye megawati 470, kilichojengwa kwa mikopo ya China na hisa za kampuni za Malaysia, China na Estonia, kilikamilika mwaka 2023. Mkataba wake uliifunga Jordan kununua umeme huo kwa miaka mingi kwa bei iliyokubaliwa mapema, na kabla hata mitambo haijawashwa shirika la umeme la Jordan lilikuwa limekwisha kupeleka shauri kwa waamuzi wa kimataifa, likidai kwamba bei hiyo ni kubwa kupita kiasi.